Kaburi la Thelathini na Moja, Ukihesabu Kutoka Majini

Mapendo, siku ya kuniaga ulisema ninaondoka na nusu ya ofisi kichwani, na ingekuwa vizuri niiache mezani kabla sijafunga mlango. Nimekaa miezi minne hapa nyumbani Bellevue nikijaribu. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo usitafute humu maneno ya kitabuni. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu mama yako alikufundisha kukisoma kwenye ile Biblia yake aliyotoka nayo Bukavu, na kwa sababu kuna jambo ambalo nikilisema kwa lugha nyingine nitalipunguza. Wenzako wakitaka, watafsirie. Vyeo na mshahara sitavitaja. Vyote viwili vilikuwa vifupi.

Nilikuja Johannesburg kumfuata mume wangu. Themba alikuwa mmoja wa vijana wa huku waliokimbilia Tanzania wakati wa ubaguzi. Tulikutana Morogoro, yeye akijifunza useremala, mimi nikiuza maandazi getini kwao. Nchi yake ilipofunguka akarudi, nami nikarudi naye mahali ambapo sikuwahi kufika. Tulizungumza Kiswahili nyumbani mpaka mwisho. Binti yetu Neema anakielewa na kujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa mtaa huu.

Kazi niliyopata ilikuwa kufagia ofisi ya makaburi ya zamani. Siku ya kwanza Mzee Petersen, karani wa madaftari, aliniuliza kama naogopa wafu. Nikamwambia wa hapa bado sijawajua. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akaniambia nikimaliza kufagia nije nimshikie taa. Macho yake yalikuwa yanaingia ukungu, na alikuwa anaficha ili asistaafishwe mapema. Nikawa macho yake. Kwa miaka sita nilimsomea madaftari huku wakubwa wakidhani nampelekea chai, na alipoondoka hapakuwa na mtu mwingine anayeweza kuyasoma. Ndivyo fagio lilivyogeuka ukarani.

Unayajua madaftari yale: Kiholanzi mwanzoni, halafu Kiingereza, kwa mwandiko unaolala kama nyasi baada ya mvua ya mawe. Mzungu aliandikwa jina, umri, kanisa na mtaa. Mtu mweusi aliandikwa jina moja tu, pengine kazi na alikotoka, na mbele ya jina neno ambalo sitaliandika hapa. Vifaa vyetu vilikuwa kioo cha kukuzia, kamba yenye fundo kwa kila upana wa kaburi, fito ya chuma, na mwavuli. Fito ni ya kupima udongo. Udongo uliowahi kuchimbwa haurudi kuwa mgumu hata baada ya miaka mia moja. Fito inazama kama kisu kwenye mkate. Mara ya kwanza ilipozama mkononi mwangu niliiachia nikarudi nyuma. Mzee Petersen akaniambia niiokote, nimwombe radhi mwenye nyumba, niendelee.

Kitalu D alinifundisha mwisho kabisa, kama mtu anayekabidhi funguo. Ndicho kitalu cha watu weusi wa miaka ya mwanzo, wakati Johannesburg ilikuwa mahema na vumbi la dhahabu. Hakina jiwe hata moja. Vigingi vya namba viling'olewa zamani na wauza vyuma chakavu. Ukisimama pale unaona nyasi tu na mteremko, na saa zote pana baridi kidogo kuliko upande wa pili wa njia. Nilidhani ni fikra zangu, mpaka nikaona hata paka wa ofisini hawavuki.

Mazishi ya Kitalu D yalianzia chini, kwenye geti la kijitoni, yakapanda. Baadaye geti la chini lilifungwa, kijito kikaingizwa kwenye bomba la zege na barabara ikapita juu yake. Sasa kila mtu anaingilia geti la juu, na mguu wenyewe unataka kuhesabu kutoka pale unapoingilia. Mzee Petersen alikataza kwa maneno aliyoyarudia kama dua: teremka mpaka usikie maji, ndipo uanze kuhesabu. Maji huyaoni. Unainama kwenye kifuniko cha chuma pembeni mwa ukuta, unasikiliza, na chini ya lami yanapita yakinong'ona. Hapo ndipo fundo la kwanza la kamba.

Wateja wetu wakubwa walikuwa watu wanaotafuta mababu waliofika hapa mwanzo. Familia nyingi zina babu wa namna hiyo, na kila babu alikuwa mtu mkubwa. Alikuja bwana mmoja kutoka ng'ambo na karatasi zenye nembo, akisema babu wa babu yake ndiye aliyeona dhahabu kabla ya wote. Daftari lilisema alikuwa mhudumu wa baa aliyetumbukia chooni akiwa amelewa. Nilimsomea kama ilivyoandikwa. Akauliza choo kilikuwa wapi. Nikamwonyesha, kwa sababu hata hilo lilikuwa limeandikwa. Alipiga picha.

Ukweli unasomwa kama ulivyo. Hiyo ndiyo kazi yetu yote. Ninakwambia hivyo ili ujue mtu aliyekosea alikuwa anaijua kazi.

Nomusa alikuja ofisini mwaka ule Themba alipolazwa mara ya tatu. Wewe ulikuwa bado hujaajiriwa. Alikuwa mwalimu wa shule ya awali, anakaa Joubert Park, kwao ni bonde moja upande wa Msinga. Bibi yake, ambaye kila mtu alimwita Gogo, alikuwa amefika miaka themanini na minane na moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari aliwapa wiki, labda miezi. Gogo alitaka kitu kimoja kabla hajaondoka: babu yake arudishwe nyumbani. Baba yake alikufa akilitaka hilo hilo. Babu aliitwa Mahlathi. Ndiye mtu wa kwanza wa bonde lao kupanda kwa miguu kuja kwenye dhahabu, na hakurudi. Gogo alisema asipomkuta ameshafika, huko aendako hatakuwa na mtu wa kumpokea.

Nilimfuatilia Mahlathi kwa miezi miwili. Siku zangu za mapumziko nilipanda teksi, hizi daladala za huku, kwenda kwenye hifadhi ya nyaraka Pretoria, jioni nikaenda hospitali. Hakushuka shimoni kuchimba dhahabu. Alikuwa mfua nguo. Zamani zile Wazulu waliopiga vilemba kama madobi wa Kihindi walifua nguo za mji mzima kwenye vijito, na yeye alikuwa kwenye orodha ya mwanzo kabisa ya waliopewa vibali. Nilimkuta tena kwenye malalamiko ya mama mmoja wa Kizungu aliyepoteza mashati mawili. Nikamkuta mara ya tatu kwenye barua ya wafua nguo wakiuomba mji usiwahamishie mbali. Hawakujua kuandika, kila mmoja alichora msalaba mbele ya jina lake. Msalaba wa Mahlathi ulikandamizwa mpaka karatasi ikatoboka. Nilipoinua ukurasa ule dirishani, mwanga ulipita kwenye tundu lake ukaniangukia mkononi. Mara ya nne alikuwa kwenye kitabu cha hospitali, homa. Mara ya tano alikuwa kwetu: Kitalu D, mstari wa saba, kaburi la thelathini na moja.

Mila yao Themba aliwahi kunieleza. Mfupa hauchimbuliwi. Wanakuja na tawi la mti wa miiba wanaouita mlahlankosi, ambao kwa majani yake nauona ni ndugu wa mkunazi wetu. Wanalilaza kaburini, wanamwita mtu kwa jina na kwa sifa za ukoo, wanamwambia twende nyumbani. Kuanzia hapo yumo ndani ya tawi. Anayelibeba haongei na mtu mwingine yeyote, ila naye tu. Anamwambia tunapanda gari, tunavuka mto, tunakata kona, asije akapotea. Kwenye teksi analipiwa kiti chake.

Walikuja siku ya Alhamisi, Nomusa na mjomba wake, mvua ikinyesha. Saa ya kuwaona wagonjwa ilikuwa saa tisa, na asubuhi ile muuguzi alikuwa amenipigia kusema Themba anakataa kula. Niliwaingiza geti la juu, nikatazama mteremko ule wa tope, nikatazama saa. Nikaanza kuhesabu pale nilipokuwa nimesimama.

Ningeweza kuandika kwamba nilisahau. Nilisahau kwa muda wa kuhesabu makaburi thelathini na moja. Nilipokuwa kwenye teksi ya kwenda hospitali, tumesimama kwenye robot, taa za barabarani, nilikumbuka, na nikajiambia labda nilihesabu sawa. Nilijua nusu. Na ile nusu niliyoijua niliikalia siku kumi na nane.

Siku ya kumi na tisa Nomusa alinipigia simu ofisini. Alizungumza polepole kama mtu anayeona haya. Walimfikisha babu salama, wakamlaza mahali pake nyuma ya nyumba kubwa, wakachinja mbuzi. Tangu siku hiyo Gogo anamwona mtu mchana, anaposinzia kwenye kiti chake. Amekaa kizingitini, ameupa moto mgongo, anatazama nje. Hali chakula wanachowekewa mababu. Mbwa wanalala mbali. Na anasema neno moja ambalo hakuna anayelijua pale, si Kizulu wala Kisotho. Mjomba aliliuliza kanisani, hawakulijua. Gogo amelikariri.

"Nimeliandika, Mama," Nomusa alisema. "Niliposikia linafanana na vile unavyozungumza na mumeo kwenye simu, niliona nikuulize wewe."

Akalisoma. Nirudisheni.

Nilimwomba alisome tena. Kisha nikamwambia nitampigia, nikaweka simu, nikachukua mwavuli ingawa jua lilikuwa linawaka. Nilishuka Kitalu D mpaka chini kabisa. Niliinama kwenye kifuniko, nikasikiliza maji, nikafunga kamba, nikahesabu mstari wa saba kwenda juu. Thelathini na moja ilikuwa mahali ambapo sikuwahi kukanyaga. Pale tulipolaza tawi, ukihesabu kutoka majini, palikuwa kumi na tisa.

Nilirudi kwenye daftari nikasoma kaburi la kumi na tisa. Juma. Zanzibar. Mpishi. Homa. Hana ndugu.

Nilikaa na daftari lile mbele yangu mpaka chai ikapoa. Labda alikuwa mmoja wa wale watu wa pwani yetu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa wakashushwa Durban zamani. Wengine walipanda huku kuwapikia wachimbaji. Kulikuwa na sehemu ya Waislamu upande wa pili wa njia, lakini hakuna aliyemuuliza. Amelala pale zaidi ya miaka mia moja bila mtu wa kumtaja jina, na wa kwanza kumgusa walimwita Mahlathi, wakampandisha gari.

Mkuu wa ofisi nilimwambia siku ile ile. Alinisikiliza vizuri. Akasema kisheria hakuna kilichohama, hakuna fomu ya jambo hilo, na angenishauri niache lilivyo. Sikumlaumu. Fomu kweli hakuna.

Hospitali nilimweleza Themba kila kitu, pamoja na ile nusu niliyoijua. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Alifumba macho, nikadhani amelala.

"Mama Neema," akasema, "umemtoa mtu kwake umempeleka kwa watu asiowajua, hawajui hata lugha yake. Mimi nilikaa hivyo Morogoro miaka mingapi?"

"Ulinipata mimi."

"Ndiyo. Yeye hana muuza maandazi." Akacheka bila sauti. "Kamrudishe."

"Wamrudishe wenyewe, Baba Neema. Mimi siwezi kukuacha hivi."

"Watamwambia nini njiani? Tunavuka mto, kwa Kizulu? Atashuka Harrismith, katikati ya njia." Akapumzika kidogo. "Na yule bibi naye anamngoja babu yake. Nenda. Siku mbili tu. Nitakusubiri."

Nilimwambia aape. Akasema yeye ni Mkristo, haapi, lakini atasubiri.

Neema alichukua likizo kazini kwake Midrand akae na baba yake. Mimi na Nomusa tuliondoka asubuhi kwenda bondeni kwao. Gogo alinipokea ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni, mwembamba kama fimbo. Nilipiga magoti nikamwambia kwa Kizulu changu kibovu kwamba kosa ni langu: nilikuwa na haraka, nilihesabu kutoka upande usio wake, kisha nikashuku na nikanyamaza. Mjomba aliinuka akatoka nje. Gogo aliniinamia.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema, "uliyeniletea nyumbani mwanamume nisiyemjua. Katika umri huu. Na mume wangu alivyokuwa na wivu."

Nomusa alijiziba mdomo kwa kanga yangu asicheke. Kisha Gogo akauliza mgeni anaitwa nani. Nikamwambia. Akataka kujua neno lile maana yake nini. Nikamwambia. Akatikisa kichwa taratibu, akasema alijua ni jambo la namna hiyo, kwa sababu hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayeomba maji kwenye nyumba ya watu.

Mjomba alirudi kesho yake alfajiri, ameshakata tawi. Alinikabidhi bila kunitazama. Tukaenda nyuma ya nyumba kubwa. Sikujua sifa za ukoo wa Juma, hakuna anayezijua, kwa hiyo nilimwita kwa nilichonacho. Nilisema, Bwana Juma, mpishi, mtu wa Zanzibar, mimi naitwa Rehema, natoka Morogoro, ni mimi niliyekosea. Twende nikurudishe. Nilipoliinua tawi lilikuwa tawi tu. Miiba yake imekaa miwili miwili, mmoja umenyooka na mmoja umepinda kurudi nyuma. Ule uliopinda ulinishika mkono wa gauni, na mjomba akautoa kwa vidole viwili kwa uangalifu, kama unavyomtoa mtoto aliyekushika.

Nilizima simu. Ndiyo sheria ya anayebeba, na nilikuwa nimeshavunja sheria moja.

Dereva wa upande ule hahitaji maelezo. Aliona tawi, akazima redio, akatuachia kiti cha nyuma ya mlango. Tawi lilikaa dirishani, mimi katikati, Nomusa na mjomba nyuma yetu. Ladysmith akapanda mama mmoja na kikapu. Aliinama kutaka kukaa pale kwenye tawi, akasita, akasema kwa Kizulu, samahani, baba, akaenda kukaa mbele. Sikujua kama aliliomba radhi tawi au alichokiona.

Nilimsimulia njia yote. Nilimwambia huu mlima tunaoupanda ni mrefu lakini lami ni nzuri. Nilimwambia majani haya ni ya ndugu wa mkunazi, yale wanayooshea maiti kwetu, asiyaogope. Nilimwambia bei ya nazi hapa mjini, maana alikuwa mpishi. Nilizungumza kwa adabu, kama karani anavyozungumza na mteja. Tulipofika kwenye daraja la Vaal, karibu na Villiers, nilitazama saa ya dereva nikipiga hesabu ya kuwahi hospitali. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Nikasema, sasa tunavuka mto mkubwa, shika vizuri.

Upande wa pili wa daraja barabara ina kona kidogo. Tawi likaegemea bega langu. Teksi ikikata kona vitu huegemea. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Lakini halikurudi dirishani. Na mimi, Mapendo, nilijikuta nimeacha adabu za karani. Nilikuwa nazungumza kama ninavyozungumza jikoni. Nilisema paa la chumba cha nyuma linavuja tena. Nilisema Neema amepunguza ukali. Nilisema nimechoka, Baba. Nilisikia neno hilo likitoka mdomoni, nikashangaa, kwa sababu Juma sikuwahi kumwita baba. Sikulisahihisha. Niliendelea hivyo hivyo mpaka mjini.

Kwenye makaburi tulishuka mstari wa saba. Nililaza tawi mahali pa kumi na tisa, nikamsomea Juma Fatiha. Nimezaliwa Mwislamu na nimeolewa na Mkristo, si hodari wa dini yoyote, lakini Fatiha ninayo, na nadhani ilikuwa ya kwanza kusomwa pale. Nikamwambia amefika. Hakuna kilichotokea. Nyasi zilikuwa nyasi. Nilisimama nikingoja kitu, halafu nikawasha simu.

Neema alikuwa amenipigia mara kumi na moja. Baba yake alikuwa ameondoka saa nne na nusu.

Nomusa aliona uso wangu akaelewa. Alinishika mkono akasema nenda, Mama, nenda, sisi tutaona la kufanya. Nikamwuliza nani atahesabu. Mjomba alikuwa na tawi la pili mkononi, la Mahlathi, limefunikwa kwa kitambaa cheupe, na Gogo alikuwa kwenye kiti chake akingoja. Themba alikuwa ameshamaliza kungoja. Nilishuka mpaka kwenye kifuniko, nikainama, na nilisikia vibaya kwa sababu masikio yalikuwa yananivuma. Nikahesabu thelathini na moja. Nikarudi nikahesabu tena. Mara ya tatu Nomusa alihesabu nami kwa sauti, kwa Kizulu, tukafika mahali pamoja. Nikazamisha fito, ikazama. Nikawaambia, huyu ni wenu. Ndipo nikaenda hospitali.

Nomusa alinipigia keshokutwa yake. Nilimuuliza Gogo ameona nini. Akasema ameona mtu mwenye kilemba ameketi ameuelekea moto, hasemi kitu, anakula. Gogo aliishi mpaka baridi ilipoingia.

Ya Themba yalikuja taratibu. Kaka yake mkubwa, mzee mnyamavu anayejua mila kuliko wote kwao, alikwenda hospitali na tawi kumchukua kutoka kwenye kitanda alichofia. Alikaa wodini muda mrefu. Aliporudi Bellevue tawi lilikuwa limelazwa kwenye viti vya nyuma kama kuni. Akasema tu, pale hayupo. Alimwita mara nne. Kitanda hakina mtu. Wengine walisema labda wauguzi waliosha chumba kwa dawa kali. Mimi nilinyamaza, na unajua sasa kunyamaza kwangu kulishanigharimu nini.

Kesho yake asubuhi nilikwenda ofisini mapema, nikiwa na nguo nyeusi, kabla ya saa ya kazi. Nilifungua daftari la Kitalu D. Pembeni ya jina la Juma niliandika kwa penseli kwamba aliondolewa kwa kosa langu, alikuwa nje siku ishirini na mbili, amerudishwa, asihamishwe tena. Nikatia jina langu kamili. Nimeona kwenye kompyuta zenu hakuna mahali pa kuingiza habari kama hiyo. Usiifute kwenye karatasi.

Kisha nikashuka mstari wa saba na tawi nililolikata kwenye ule mlahlankosi uliojiotea nyuma ya stoo. Lile la zamani lilikuwa bado pale, limenyauka. Nilimwomba radhi Bwana Juma kwa usumbufu, nikamwambia huenda nilipomleta sikumleta peke yake, na kama ana mgeni, namwomba. Nikamwita mume wangu kwa jina lake na kwa sifa za ukoo wake, nilizojifunza usiku wa matanga. Nikamwambia kwa Kiswahili, twende nyumbani.

Nilitembea kwa miguu mpaka Bellevue. Nilimtajia kila robot. Mkongo mmoja, msusi wa mtaani kwetu, alitaka kunipa pole, akaona tawi, akaweka mkono kifuani akanipisha. Kaka yake Themba alikuwa amesimama getini. Hakuniuliza neno, kwa sababu anayebeba haulizwi. Alinifungulia mlango, akanifuata mpaka chumbani, akangoja mpaka nilipolilaza tawi upande wa kitanda alikokuwa akilala mdogo wake. Akavua kofia.

"Umemkuta wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia, kazini.